Walioketi Nyuma ya Mgombea

Mgombea anapopanda jukwaani, umati haumtazami yeye kwanza. Unawatazama walioketi nyuma yake. Yule si ndiye aliyenyakua uwanja wa shule ya msingi? Na huyu wa miwani myeusi, si alikuwa mpambe wa serikali iliyopita? Mgombea anapomaliza kuwasalimu wazee, akina mama na vijana, nusu ya hukumu imeshatolewa kule chini ya miti.

Sioni kosa katika tabia hiyo. Hakuna anayegombea peke yake. Magari ya kampeni yana mwenyewe, mafuta yake yamelipiwa na mtu, na fulana zinazogawiwa hazikushuka kutoka mbinguni. Walioketi jukwaani leo ndio watakaokuwa wenyeviti wa bodi na makatibu wakuu kesho. Mpiga kura asiyewakagua ananunua bidhaa bila kufungua kifurushi.

Lakini kuna hatua moja hurukwa haraka mno. Kutoka “anaandamana na fulani” mtu anarukia “basi haipendi nchi yake”. Sura hii inahusu mruko huo. Nauangalia hasa jinsi ulivyotumika Kenya kati ya mwaka 1958 na 1969, kwa sababu sijui mahali pengine katika ukanda wetu ambapo tuhuma ya marafiki ilitumika kwa ustadi kama ule, na ambapo hasara yake inaonekana wazi hadi leo.

Tuanze na mtu aliyeionja tuhuma hiyo kabla ya wengine wote. Mwaka 1932 Jomo Kenyatta, wakati huo akijulikana kama Johnstone, alifika Moscow na kusoma katika chuo kilichowafundisha wapinzani wa ukoloni kutoka Asia na Afrika. Mwenzake na mwenyeji wake wa kisiasa alikuwa George Padmore, mzaliwa wa Trinidad. Hakukaa muda mrefu, na hakurudi akiwa mkomunisti. Hata hivyo, wapelelezi wa Kiingereza waliibeba safari hiyo kwenye majalada yao kwa miaka mingi, na wazungu wa mashamba hawakuchoka kuitaja kila walipotaka kuonyesha kwamba harakati za Waafrika zilikuwa zimeagizwa kutoka nje. Yaani Mkikuyu aliyeporwa ardhi hakuweza kukasirika mwenyewe. Lazima awepo Mrusi nyuma yake.

Mwaka 1953 kule Kapenguria, Hakimu Thacker alimhukumu Kenyatta kifungo cha miaka saba kwa madai ya kuiongoza Mau Mau. Shahidi muhimu wa upande wa mashtaka, Rawson Macharia, alikula kiapo mwaka 1958 akisema alitoa ushahidi wa uongo, naye akafungwa kwa kauli hiyo. Mei 1960 Gavana Patrick Renison bado alimwita Kenyatta kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1963, mtu huyohuyo alisimama Nakuru mbele ya ukumbi uliojaa walowezi, akawaomba wabaki walime, wasahau na wasamehe kama yeye alivyosamehe. Wakampigia makofi. Jalada lote la Moscow halikuwa limewaeleza lolote la kweli kuhusu alichokuwa akikitaka.

Nakumbusha hayo kwa sababu Kenyatta alijua kwa mwili wake mwenyewe jinsi tuhuma hiyo inavyotengenezwa. Ndiyo maana yaliyofuata ni mazito zaidi.

Jaramogi Oginga Odinga, mwalimu aliyegeuka mfanyabiashara kule Nyanza, aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957 pamoja na Waafrika wengine saba, miongoni mwao Tom Mboya, Daniel arap Moi, Masinde Muliro na Ronald Ngala. Juni 1958 alisimama barazani akasema kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ndio viongozi wa watu. Zogo likazuka. Wajumbe wazungu walimzomea, na baadhi ya wajumbe Waafrika wakajitenga naye kwa haraka. Wakati huo kumtaja Kenyatta kwa heshima hakukumpa mtu kura, cheo wala shilingi. Kama kuna siku moja ambayo ningeichagua kumpima Odinga kama mzalendo, ingekuwa siku hiyo, na hapakuwa na rafiki hata mmoja aliyesimama naye.

Mwaka 1960 alisafiri hadi China na Muungano wa Kisovieti. Serikali ya kikoloni ikamnyang'anya pasi. Tangu hapo jina lake halikutajwa tena na wapinzani wake bila neno mkomunisti kuambatana nalo. Yeye hakukana kwamba alipata fedha kutoka huko. Alizitumia kwenye shughuli za chama, na alizitumia kuwapeleka vijana wa Kenya kusoma Moscow, Sofia, Prague na Beijing, wengi wao wakipitia Cairo.

Upande wa pili alisimama Mboya, kijana aliyezaliwa mwaka 1930 kwenye shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi kabla hajatimiza miaka ishirini na mitano. Marafiki zake walikuwa Washington na New York. Wakuu wa vyama vya wafanyakazi vya Marekani walichangia jengo la wafanyakazi jijini Nairobi. Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson walimsaidia kuchangisha nauli za wanafunzi, na Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka na vijana 81. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na miongoni mwa walioruka mwaka huo alikuwamo Wangari Maathai.

Basi tuna viongozi wawili, wote Wajaluo, wote wa chama kimoja cha KANU, wote wakitafuta fedha nje kwa kazi ileile ya kuwasomesha vijana ambao serikali ya kikoloni haikuwa na haja nao. Mmoja akaitwa mkomunisti, mwingine kibaraka wa Wamarekani. Magazeti ya Marekani yalipofichua mwaka 1967 kwamba shirika la ujasusi la CIA lilikuwa likipitisha fedha kwenye jumuiya za wanafunzi na vyama vya wafanyakazi, wapinzani wa Mboya walikuwa na la kusema. Na walikuwa na haki ya kuuliza. Wakenya walikuwa na haki vilevile ya kumuuliza Odinga kuhusu vijana waliopelekwa nchi za mashariki kwa mafunzo ya kijeshi. Serikali changa, jirani na Zanzibar iliyotoka kupinduliwa Januari 1964, haiwezi kulichukulia jambo kama hilo kwa wepesi.

Swali la haki kuhusu rafiki wa mwanasiasa huanzia kwenye alichotoa, likaendelea hadi kwenye anachokidai, likaishia hapa: mwanasiasa huyu amewahi kumkatalia? Ukiliuliza hivyo, mambo ya Kenya ya miaka ile yanaanza kuonekana kwa sura nyingine. Januari 1964 wanajeshi wa Kenya walipoasi kambini Lanet, walioitwa kuzima maasi walikuwa wanajeshi wa Kiingereza. Aprili 1965 meli ya Kisovieti, Fizik Lebedev, ilipotia nanga Mombasa na shehena ya silaha, ilirudishwa, na jeshi lililozikataa silaha hizo bado liliongozwa na afisa Mwingereza. Waziri wa Kilimo alikuwa Bruce McKenzie, mlowezi mzaliwa wa Afrika Kusini. Sisemi McKenzie hakuwa na haki ya kuwa waziri. Nasema kwamba katika nchi ile kila kiongozi mkubwa alikuwa na rafiki wa kigeni, na ni marafiki wa mmoja tu walioitwa hatari kwa taifa.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Marafiki wa Odinga walipokuwa wakijadiliwa mchana na usiku, kilichokuwa hakijadiliwi ni ardhi.

Mpango wa makazi ulioitwa Ekari Milioni ulinunua mashamba ya walowezi kwa mikopo, sehemu kubwa ikitoka Uingereza. Maana yake ni kwamba fedha ziliazimwa Uingereza, wakalipwa Waingereza waliokuwa wakiondoka, na deni likabaki kwa mkulima wa Kenya aliyepewa kipande cha ardhi ambayo labda babu yake alifukuzwa. Bildad Kaggia, mmoja wa sita waliofungwa Kapenguria, alisema waziwazi kwamba jambo hilo si haki, kwamba watu waliopigania ardhi hawapaswi kuinunua. Alitaka iwepo mipaka ya ukubwa wa shamba, na wasio na ardhi wapewe bure. Unaweza kumpinga Kaggia kwa hoja nzuri. Ungeweza kusema kwamba serikali ingefilisika, kwamba uzalishaji wa chakula ungeanguka, kwamba Katiba iliyokubaliwa Lancaster House ililinda mali za watu. Waraka wa Serikali Namba 10 wa 1965, ambao Mboya aliuandaa na kuutetea, una hoja za namna hiyo, na ni waraka wa mtu mwenye akili kubwa.

Lakini jukwaani Kaggia hakujibiwa kwa hoja. Mwaka 1965, kule Kandara, Kenyatta, sasa akiwa Rais, alimkabili hadharani mbele ya watu wa jimbo la Kaggia mwenyewe. Alimkumbusha wenzao waliokuwa nao gerezani: Paul Ngei ameshapanda kahawa nyingi, Kungu Karumba ana mabasi yake. Kisha akamuuliza: wewe umejifanyia nini? Nimerudi kwenye swali hilo mara nyingi, kwa sababu linageuza kipimo kizima juu chini. Kukaa na wakubwa na kuneemeka kukawa ushahidi wa akili timamu. Kukaa na maskini bila kujilimbikizia kukawa aibu. Naye aliyebaki maskini ndiye aliyeambiwa kwamba ametumwa na wageni.

Mwaka huo tayari ulikuwa umefunguliwa kwa damu. Pio Gama Pinto, mwandishi na mbunge, mtu wa karibu wa Odinga aliyejua kupanga mambo kuliko yeyote upande ule, alipigwa risasi nje ya nyumba yake jijini Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Taasisi ya Lumumba, iliyofunguliwa Desemba 1964 kwa msaada wa Kisovieti kufundisha makada wa KANU, ilifungwa miezi michache baadaye. Mwanzoni Kenyatta mwenyewe alikuwa mmoja wa wadhamini wake. Hilo husahaulika kwa urahisi.

Machi 1966 KANU ilikutana Limuru. Mboya ndiye aliyepanga mkutano ule, na aliupanga kama fundi. Nafasi ya makamu wa rais wa chama iliyoshikwa na Odinga ilifutwa, zikaundwa nafasi nane za mikoa. Balozi wa Marekani wa wakati huo, William Attwood, baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu vita vya nchi yake dhidi ya wakomunisti nchini Guinea na Kenya, akiwa na fahari kubwa na kazi hiyo. Odinga alijiuzulu umakamu wa rais wa nchi Aprili, akaenda kuongoza chama kipya cha KPU, Kaggia akiwa makamu wake. Bunge likapitisha haraka sheria ya kumlazimisha mbunge anayehama chama kurudi kwa wapiga kura. Wabunge na maseneta 29 wakarudi majimboni Juni 1966. KPU ilipata viti tisa. Kaggia alishindwa Kandara.

Nasisitiza uchaguzi ule kwa sababu ulikuwa nafasi ya pekee kwa Wakenya kuamua, kwa kura, kama ardhi inunuliwe au igawiwe. Badala yake waliulizwa kama wanataka ukomunisti. Ukiwa mkulima wa ekari tatu Murang'a, na mbele yako kuna Mzee aliyetoka gerezani kwa ajili yako, na unaambiwa yule mwingine analipwa na Wachina, utajibu nini?

Kilele kilikuwa Kisumu, tarehe 25 Oktoba 1969. Muungano wa Kisovieti ulikuwa umeijengea Nyanza hospitali kubwa, kwa mpango uliotokana na uhusiano wa Odinga na Moscow. Kenyatta alikwenda kuifungua. Zaidi ya miezi mitatu kabla, Julai 5, Mboya alikuwa ameuawa kwa risasi mchana kweupe akitoka kwenye duka la dawa jijini Nairobi, na uchungu wa watu wa Nyanza ulikuwa haujapoa. Vijana wakapaza sauti ya “Dume!”, alama ya KPU. Kenyatta akajibu kwa matusi makali, akamgeukia Odinga aliyekuwa ameketi hapo hapo, akamwambia kwamba kama si urafiki wao wa zamani angekuwa ameshamtia ndani. Askari wakafyatua risasi kwenye umati msafara ulipokuwa ukiondoka. Serikali ilikiri vifo 11. Watu wa Kisumu wamesema daima kwamba walikuwa wengi zaidi, na watoto wakiwamo. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, Odinga akawekwa kizuizini hadi 1971.

Hospitali ile leo ina jina la Jaramogi mwenyewe, lakini mtaani bado inaitwa Russia. Mama mjamzito huambiwa apelekwe Russia, na kijana aliyeanguka na bodaboda hukimbizwa Russia. Hakuna anayekuwa mkomunisti kwa kulazwa humo. Vitanda vile vilitokana na urafiki ambao Kenya nzima iliambiwa ni uhaini.

Mmoja wa waliotoa ushahidi katika kesi ya mauaji ya Mboya alikuwa mchumi aliyekuwa amemjua vizuri, na aliyekuwa amesoma Hawaii: Barack Obama, baba. Alikuwa amekutana naye muda mfupi kabla ya risasi. Miaka 39 baadaye mwanawe aligombea urais wa Marekani, na kipimo kilekile kikatolewa kabatini.

Oktoba 2008 Sarah Palin, mgombea mwenza wa John McCain, aliwaambia wafuasi kwamba Obama anashirikiana na magaidi. Alimaanisha Bill Ayers, mmoja wa waanzilishi wa kundi la Weather Underground lililotega mabomu kwenye majengo ya serikali mwanzoni mwa miaka ya 1970, Obama akiwa mtoto wa shule. Walipokutana, Ayers alikuwa profesa wa elimu jijini Chicago. Mwaka 1995 aliandaa kikao nyumbani kwake cha kumtambulisha Obama kwa majirani, na wote wawili walihusika na mradi wa kuboresha shule za Chicago. Fedha za mradi huo zilitoka kwa Walter Annenberg, bilionea wa chama cha Republican na balozi wa Rais Nixon huko London. Hiyo ndiyo iliyoitwa njama. Mume wa Palin mwenyewe, Todd, aliwahi kujiandikisha kwa miaka kadhaa kama mwanachama wa chama cha Alaska kilichodai watu wa jimbo hilo wapewe kura ya kuamua kama wajitenge na Marekani. Mtu angeweza kuuliza ni uhusiano upi ulio karibu zaidi na swali la uzalendo. Wachache waliuliza.

Kenya nayo iliingizwa. Agosti 2006 Obama alitembelea Wajir, na wazee wa huko wakamvisha kanzu na kilemba cha Kisomali kama wanavyomvisha mgeni wa heshima. Picha hiyo ilisambazwa Februari 2008 kama ushahidi dhidi yake. Ukarimu wa wazee wa Wajir ukageuzwa kuwa doa.

McCain alifanya jambo moja wakati ule ambalo nalipa heshima yake. Kwenye mkutano huko Lakeville, Minnesota, mama mmoja alishika kipaza sauti akasema hamwamini Obama, kwamba ni Mwarabu. McCain akakichukua kipaza sauti, akamwambia hapana, ni mtu mwema wa familia na raia, ambaye wanatofautiana tu katika mambo ya msingi. Jibu lile lina kasoro yake, kwa maana Mwarabu naye anaweza kuwa mtu mwema wa familia. Lakini alikuwa mgombea anayeelekea kushindwa, mbele ya wafuasi wake, akikataa silaha iliyoletwa mkononi mwake. Wafuasi wengine walimzomea.

Kwetu silaha hiyo haijawahi kuwekwa chini. Kila uchaguzi wa Kenya huja na mgombea wa Wachina, mgombea wa mabalozi, mgombea wa mahakama ya The Hague, mgombea wa mabepari wa nje. Baadhi ya tuhuma hizo huenda zina ukweli, na mwananchi anastahili kuujua. Njia ya kuujua ipo na haihitaji uchawi: kila mgombea aandike ni nani alimpa fedha, kiasi gani, na lini, na orodha ibandikwe mahali pa wazi kabla ya kura. Tanzania ilitunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi mwaka 2010. Kenya ilitunga sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013. Wabunge wakaisimamisha kabla ya uchaguzi wa 2017. Mwaka 2021 tume ya uchaguzi ilipochapisha kanuni na viwango vya matumizi, Bunge lilizikataa. Waliozikataa walitoka pande zote mbili za siasa, wengi wao wakiwa watu ambao majukwaani hawamalizi hotuba bila kumuuliza mpinzani ni nani anayemfadhili. Uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila orodha hata moja.